Barua ya Pili

Faili la Mwalimu Kesho lilikuwa na karatasi kumi na moja, na iliyoamua kesi yake ni ile ambayo haikuwemo.

Nilikuwa nimelisoma mara mbili kabla ya kikao, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayechambua mchele. Barua ya onyo ya kwanza ipo. Maelezo yake ya kujitetea yapo, mistari minne, wa mwisho hauna nukta. Kisha barua ya kumfukuza kazi, imepigwa mhuri na kusainiwa. Katikati hapo palipungua karatasi moja. Kanuni zetu za kazi zilisema mwalimu aonywe kwa maandishi mara mbili kabla ya kufukuzwa. Mimi nilikuwa mwakilishi wa chama cha walimu pale shuleni, kwa hiyo kuiona karatasi isiyokuwepo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Tulikaa kwenye chumba kirefu cha ofisi ya elimu, chini ya feni iliyolia kila ilipozunguka. Wajumbe watano wa kamati ya nidhamu walikuwa upande wa pili wa meza. Kulia kwangu alikaa Mwalimu Mkuu wetu, mama mmoja mnyoofu aliyekuwa na tabia ya kukunja leso yake mara nne na kuikunjua tena. Kushoto alikaa mshtakiwa, ananukia sabuni, kavaa shati ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Kila baada ya muda alinigusa kwa kiwiko.

"Dada, tutashinda?"

"Nyamaza," nikamwambia.

Jina la Kesho alipewa na wanafunzi. Alikuwa anafundisha hesabu darasa la mtihani. Asubuhi alifika kabla yetu sote, akasaini daftari la mahudhurio kwa mwandiko mzuri ajabu, akaingia darasani, akampa kiranja kitabu anakili mifano ubaoni, akasema "tutamalizia kesho," kisha akayeyuka kwenda dukani kwake kuuza betri na vioo vya pikipiki. Somo la sehemu walilianza mwezi wa pili. Mwezi wa saba walikuwa bado wanalimalizia kesho. Na pamoja na hayo yote, kumchukia ulikuwa huwezi. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kwenye chumba cha walimu alituchekesha mpaka chai ikatutoka puani.

Sasa katika darasa hilo la wanafunzi thelathini na wanane alikuwemo mtoto wa mdogo wangu. Tulimwita Mapengo tangu alipong'oka meno ya mbele. Meno yaliota, jina likabaki.

Siku mbili kabla ya kikao, mdogo wangu alikuja kwangu na daftari la mtoto. Yeye ni fundi cherehani, na mtu akimwona anavyotembea atadhani kuna mteja anamsubiri mlangoni. Hakukaa. Aliweka daftari juu ya meza, akaligeuzia upande wangu.

"Soma hapo, dada."

Nusu jumlisha robo. Mapengo alikuwa ameandika mbili juu ya sita, na pembeni amewekewa alama ya vema, kubwa, ya wino mwekundu.

"Nani kasahihisha?"

"Kiranja. Kalamu nyekundu kaachiwa na mwalimu." Akavuta pumzi. "Mimi sikusoma sana, lakini nusu mita ukiongeza robo mita najua ni robo tatu. Ningekuwa sijui, ningeshaharibu nguo za watu mji mzima. Wanasema mkuu wenu amechoka, anamwondoa. Na wanasema wewe ndiye utakayemtetea."

"Ni kazi niliyochaguliwa."

"Kazi yako ni kufundisha."

"Na hiyo pia."

Alilichukua daftari, akalipangusa kana kwamba meza yangu ilikuwa na vumbi. "Haya. Walimu mna chama. Watoto wana chama gani?"

Akaondoka nalo.

Ila kuna jambo ambalo yeye hakuliona, kwa sababu lilipotokea alikuwa bado msichana kijijini kwa wazazi wetu. Miaka kumi na minne kabla ya hapo, mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha Kesho. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, nikalazwa wiki tatu, na mwalimu mkuu wa wakati huo, ambaye shemeji yake alikuwa anatafuta kazi, akaandika kwamba mimi ni mtoro. Mwakilishi wa chama alikuwa mwalimu wa ufundi, tuliyemwita Randa kwa jinsi alivyomkwangua kila mtu kwa maneno. Mimi na yeye tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Nilikuwa nasema waziwazi, tena mbele zake, kwamba chama ni kundi la watu wanaokunywa chai kwa makato ya mshahara wangu.

Siku ya kikao Randa alikuja na kijitabu cha kanuni kwapani, kimechakaa mpaka jalada limeshikiliwa na uzi. Akasoma kifungu. Akawauliza barua zangu za onyo ziko wapi. Hazikuwepo, hata moja. Nikarudishwa kazini kabla ya saa nne. Nilimkimbilia nje kumshukuru, na tumbo langu mbele.

"Usinishukuru," akasema. "Mimi wewe sikupendi. Lakini kanuni haina shemeji."

Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Mtoto niliyembeba siku ile alikula, akavaa na akasoma kwa mshahara uleule. Ndiyo maana Randa alipostaafu na walimu wakanitaka nishike nafasi yake, sikukataa, ingawa nilijua ni nafasi ya kulaumiwa. Chama kikikutetea wewe, ni haki. Kikimtetea jirani yako, ni kulea wazembe. Nimewasikia watu walewale wakisema yote mawili ndani ya wiki moja.

Basi mwenyekiti wa kamati alipoinua macho na kuuliza kama chama kina la kusema, nilisimama.

"Onyo la pili halimo kwenye faili, mheshimiwa."

Karatasi zikapekuliwa upande ule. Mwalimu Mkuu aliacha kukunja leso.

"Nilimwonya," akasema. "Kwa mdomo. Wiki ile mtoto wake alikuwa hospitali, sikutaka kumchafulia faili." Kisha akanigeukia. Hakunikaripia, aliniambia kama mtu anayemkumbusha mwenzake walipoweka ufunguo. "Mwalimu, ulikuwepo."

Nilikuwepo. Ilikuwa kwenye baraza mbele ya stoo, na mimi nimeshika boksi la chaki. Nilimwona Mwalimu Mkuu akimwekea Kesho mkono begani, nikamsikia kwa masikio yangu: "Hii ni mara ya pili, mwalimu, na sitasema tena. Barua sikuandikii. Nenda kamwangalie mwanao." Nakumbuka nilijiambia kwamba huyu mama ana utu.

"Ulikuwepo?" mwenyekiti akaniuliza.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ile barua haikuwepo, lakini lake lilikuwepo, na ni mimi niliyekuwa nimelibana mdomoni. Neno moja tu, ndiyo, na Kesho angeondoka, na Mapengo angepata mwalimu kabla ya mtihani. Nilimwona mtoto yule na alama yake ya vema ya uongo. Nikaona pia kwamba siku nitakapolikubali onyo la mdomo, mkuu yeyote ataweza kusema "nilimwonya", na mwalimu asiyependwa hatapata wa kumshuhudia. Mimi nisingempata. Shahidi wangu wa pekee alikuwa kijitabu chenye jalada la uzi.

"Kanuni inasema kwa maandishi, mheshimiwa," nikajibu.

Sikuulizwa tena. Sikudanganya, lakini niliona aibu kama aliyedanganya. Dakika ishirini baadaye Mwalimu Kesho alirudishwa kazini. Alinikumbatia pale kwenye ngazi mbele ya watu, analia kwelikweli. Nikamwambia, "Mimi sikutaka ushinde. Nenda kafundishe." Akaapa kwa marehemu mama yake. Alifundisha wiki tatu, na watoto wanasema alifundisha vizuri. Wiki ya nne kukawa na mzigo mpya wa betri.

Jioni ya siku ya kikao nilikwenda mwenyewe kwa mdogo wangu, nisije nikasemewa na watu. Nilimweleza neno kwa neno, nilichosikia barazani na nilichojibu kikaoni. Alikuwa anapinda gauni, pini mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mkono.

Matokeo yalipotoka, Mapengo alikuwa amefaulu kila somo isipokuwa hesabu, na hesabu ndiyo ilimfungia mlango wa shule aliyoitaka. Nikaenda tena. Nikasema mtoto aje kwangu kila Jumamosi, nitamfundisha pale jikoni mpaka aelewe, arudie mtihani. Mdogo wangu alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake, ndipo akanijibu.

"Mwanangu hafundishwi jikoni na mtu aliyemnyima mwalimu darasani."

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mwalimu Mkuu hakunigombeza. Asubuhi iliyofuata kikao aliniambia tu, "Umenifundisha kazi, mwalimu." Tangu hapo hakumwonya mtu kwa mdomo. Ukichelewa dakika saba kwa mvua, unakuta bahasha juu ya meza. Mtoto wako akiugua, bahasha ipo palepale. Tukaziita barua za mapenzi, tukacheka, lakini hakuna aliyewekewa tena mkono begani pale mbele ya stoo. Hilo nalo naliweka kwenye hesabu yangu.

Miaka tisa mimi na mdogo wangu tulikutana misibani na harusini. Alinipa shikamoo yangu, nikampa marahaba yake, basi. Kwangu hakukanyaga. Nikastaafu. Nguo zangu nikawa nashonesha kwa fundi mwingine, ambaye hata mikono hakuijua kuiweka sawa. Habari za Mapengo nilizipata kwa watu: kaajiriwa kwenye ghala la dawa la umma, anafunga maboksi yanayokwenda zahanati. Nilifurahi, tena sana, ila sikuwa na wa kumwambia.

Mwaka jana, Jumamosi mchana, nilikuwa naanika nguo niliposikia hodi. Mdogo wangu alisimama langoni na mkoba wake umebanwa kifuani. Nyuma yake alisimama mwanamke mzima, na ilinichukua muda kumwona Mapengo ndani yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibuni ndani."

Walikaa. Nikaleta maji, hayakuguswa. Mapengo alifungua mkoba wa mama yake akanipa bahasha. Nilijua kilichomo kabla ya kuifungua, maana karatasi za namna hiyo zina mkunjo wake. Alikuwa amefukuzwa kazi. Mara tatu zahanati zilipelekewa maboksi yasiyotimia.

"Umekosea kweli?" nikamuuliza.

"Nimekosea, mama mkubwa." Alitazama vidole vyake. "Wakiandika maboksi kumi, nahesabu kumi. Wakiandika nusu ya mzigo leo na robo kesho, naanza kubahatisha. Naona haya kuuliza."

Nilimsubiri mdogo wangu aseme, maana hapo pangekuwa mahali pake pa kusema, na nisingemjibu. Alikuwa anaitazama meza ileile aliyowahi kuweka daftari juu yake.

"Kuna onyo ulipewa kabla ya hii?"

Mapengo akatoa karatasi nyingine. Barua ya kwanza, ya mwaka juzi, imesainiwa. Nikaziweka sambamba juu ya meza, ya kwanza kushoto, ya kufukuzwa kulia, na katikati pakabaki mbao tupu upana wa kiganja.

"Nimepekua nyumba nzima," mdogo wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mpaka chini ya cherehani. Nyingine hakuna."

Kanuni za ghala lile ni zilezile zetu. Lakini nilitaka kujua ninachoingia, kama ambavyo ningemuuliza mtu yeyote. Nikamgeukia Mapengo.

"Na msimamizi wako? Aliwahi kukuonya kwa mdomo?"

Mapengo akafungua kinywa. Kisha akamtazama mama yake. Mdogo wangu alimwekea mkono kwenye goti, ukatulia pale, na kwa mara ya kwanza tangu waingie akaniangalia usoni.

"Kanuni inasema kwa maandishi, dada," akasema.

Nikaenda chumbani kutafuta miwani yangu na kijitabu cha kanuni.