Tarumbeta Moja Kihesa

Waliohudhuria kikao cha kamati ya bendi ya usharika, Kihesa, Iringa, walikuwa: Mzee Kalinga, mwenyekiti, Mama Faustina, katibu, Crispin, mpiga besi, Bibi Lusia, mlalamikaji, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, na Lugano, mpangaji wake, mlalamikiwa. Mchungaji alitoa udhuru.

Lugano alikuwa amehamia kutoka Uyole, Mbeya, kuja kufundisha muziki. Baada ya wiki tatu angefanyiwa usaili Dar es Salaam, na okestra iliyohitaji mpiga tarumbeta mmoja tu. Chombo alichopigia kilikuwa mali ya usharika. Kamati ikikirudisha kabatini, hapakuwa na usaili.

Kosa lake lilikuwa mazoezi. Bendi ile hupiga pamoja, watu kumi na wawili. Tarumbeta ikilia peke yake asubuhi, maana yake kuna aliyefariki katika nyumba hiyo. Kwao Lugano hakuna desturi ya namna hiyo, kwa hiyo alikuwa akipiga kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa bidii.

"Jumatatu majirani wamekuja kuhani, na kuni na unga," Bibi Lusia alieleza. "Nikawafungulia mlango mwenyewe. Eveline, aliyekuwa mbele yao, akapiga yowe."

"Unga ulirudishwa?" aliuliza katibu, akiandika.

"Wameuacha. Wanasema hauozi, nitauhitaji tu."

Mzee Kalinga alimgeukia Lugano. "Hebu tukisikie hicho kipande."

Lugano alisimama akapiga ukurasa wa kwanza bila kukosea. Crispin alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Na sisi tunaingia wapi?"

"Hamwingii, kaka. Ni tarumbeta na okestra, nayo iko Dar."

"Kwa hiyo hapa unabaki peke yako."

"Ndiyo."

"Basi ni msiba."

"Huwezi kuziba mdomo wa chombo kwa kitambaa?" aliuliza mwenyekiti.

"Nikiziba, mzee, pumzi na midomo vitazoea kazi nyingine. Kule sitaziba."

Lugano alikipangusa chombo kwa shati lake, polepole, kama mtu anayekiandaa kukirudisha. Mwenyekiti alivaa miwani ili asome uamuzi, lakini Bibi Lusia alikuwa ameshasimama.

"Mwenyekiti, marehemu ni mimi, na mfiwa ni mimi. Niacheni niamue. Chombo kibaki kwake. Wiki hizi tatu, kila akianza kupiga, nitakaa kibarazani nachambua maharage, kila apitaye anione mzima. Na wewe, mjukuu wangu, upige sawasawa. Baridi ya Kihesa mnaijua. Siku nitakayosikia umekosea naingia ndani, na hao wa kuni waje na jeneza."