Kilomita Nne

Kwanza nilisikia mlio. Mlio mrefu wa chuma kinachokwaruza chuma, ulitoka upande wa uwanjani, ukapanda, ukakatika kwa kishindo, kisha vigelegele vya akina mama vikaufunika. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko la mawe, nimekalia mbuzi nakuna nazi. Vijana wote tusio na cheo tulikuwa hapo tangu alfajiri, tukipanga majimbi na nguruwe juu ya mawe ya moto. Kifuu kilinitoka mkononi. Nimefanya kazi gereji huko Apia, mji mkuu wa visiwa vyetu, miaka minne, na mlio ule naujua. Huo si mlio wa gari jipya. Ni mlio wa gari lililolala.

Binamu yangu Vili alikuja mbio, jasho linamtiririka.

"Limefika! Gari la mchungaji limefika! Jeupe, ndugu yangu, plastiki bado iko kwenye viti. Nimeingiza pua dirishani, linanukia duka."

"Nani ameliendesha?"

"Aliendeshe nani? Una kichaa? Limekuja mgongoni mwa lori, na kutoka kwenye lori tumelisukuma kwa mikono. Gurudumu la nyuma lilikuwa limegoma, likaburuzika kama mbuzi anayepelekwa kuchinjwa, mpaka likaachia. Lina kilomita nne tu. Baba yako kasema likiongeza hata moja atatuchuna ngozi."

Baba yangu, Muliaga, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya zawadi. Mchungaji wetu Esekielu alikuwa ametimiza miaka ishirini kijijini. Alikuwa ametuzika na kutuoza, na gari lake kuukuu lilikuwa limemfia njiani mara tatu mwaka ule. Kijiji kikaamua kumpa jipya. Siku baba alipokwenda kulichagua nilimwomba nifuatane naye, nilitazame uvunguni, niliwashe, nilizungushe walau mtaa mmoja. Alinikatalia.

"Mtu wa Mungu hapewi kitu kilichokwisha kukaliwa," alisema. "Ukilizungusha wewe, atakuwa anakalia joto la makalio yako."

Wazee walicheka. Mimi sikucheka. Nilijua yadi ile, iko karibu na bandari, chumvi inapepea juu yake usiku na mchana. Muuzaji alimwambia baba kwamba gari limelala kidogo tu. Kidogo gani, baba hakuuliza. Alitazama ile namba nne kwenye dashibodi, akaridhika.

Nilinawa mikono nikaenda uwanjani. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa, wazee wenye vyeo kwenye nyumba ya mkutano isiyo na kuta, akina mama na kwaya nje wamevaa meupe. Gari lilikuwa katikati, limefungwa utepe mwekundu, na juu ya boneti walikuwa wametandika mikeka laini, ile ambayo bibi zetu huisuka kwa miezi na miezi. Nilipita mbele ya wazee nimeinama hadi magotini, nikiomba radhi kama inavyotakiwa, nikajifanya nakwenda kunyoosha utepe kwenye gurudumu.

Kwanza nilisoma tairi. Kila tairi lina tarakimu nne zinazosema wiki na mwaka lilipotengenezwa. Lile lilikuwa na miaka mitatu na ushee. Chini lilikuwa bapa, limechukua umbo la sakafu ya yadi. Diski ya breki ilikuwa nyekundu kwa kutu kama chungu cha udongo. Hayo ningeyavumilia. Kutu hufutika, tairi hubadilishwa. Lakini nilipofika gurudumu la mbele, upande wa dereva, nilikuta ukingo wa ndani una majimaji. Nilipitisha kidole, nikanusa. Mafuta ya breki. Nikaingiza mkono nyuma ya gurudumu, nikapapasa mpira unaopeleka mafuta yale, na vidole vyangu vikakutana na alama za meno. Panya walikuwa wameishi mle. Mpira ulikuwa umetafunwa hadi umebaki ngozi.

Baba alikuwa amesimama kando ya nguzo ya nyumba ya mkutano, kifua mbele, fimbo mkononi. Nilimwendea nikamwonyesha vidole.

"Baba, hili gari halina breki."

"Shusha sauti."

"Panya wamekula mpira wa mbele. Litasimama mara moja, mara mbili, ya tatu kanyagio litazama chini. Lisiendeshwe leo."

Aliyatazama yale mafuta kwenye vidole vyangu.

"Leo si siku ya kuyasema hayo," alisema. "Watalizungusha hapa uwanjani tu. Kesho utakuja na spana zako, utengeneze kimya kimya."

"Na akitoka nje ya uwanja?"

"Lafaele. Nenda jikoni."

Sikwenda. Nilikaa ukingoni, kwenye majani.

Mzee Folasa, msemaji wa kijiji, alisimama na fimbo yake na usinga wake begani. Alisema kwa muda mrefu. Alisema gari hili halijaguswa na mguu wa mwanadamu, kwamba usafi wake ni usafi wa mioyo yetu. Kila alipotaja zile kilomita nne, watu waliitikia. Baba aliinamisha kichwa, na wote wakadhani ni unyenyekevu.

Kisha mchungaji Esekielu akajibu. Ni mtu mwembamba, wa sauti ndogo, na alikuwa analia waziwazi.

"Sina maneno," alisema. "Nina safari tu. Nilikuwa nimepanga kwenda Apia kwa basi, kwenye mkutano wa wachungaji. Sasa sitaki kusubiri hata saa moja. Mama mchungaji ameshafunga mzigo. Tutamchukua na mama yake mzazi, apate kuonja kiti chenye plastiki kabla hajafa."

Watu waliangua kicheko. Bibi kizee akaletwa, akapandishwa kiti cha nyuma, akawa anapiga plastiki makofi kwa furaha. Mama Fuatino, mke wa mchungaji, akaketi mbele, kando ya mumewe aliyekwisha kushika usukani.

Kutoka kwetu kwenda Apia lazima upite Le Mafa, njia ya mlimani. Unapanda hadi mawinguni, halafu unashuka kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande huu, na upande wa pili hakuna kitu, ni hewa tu na vilele vya miti chini ya miguu yako. Nimewahi kwenda na lori la gereji kuvuta magari kutoka kule chini. Mengine hatukuyavuta, tuliyaacha.

Nilimtafuta baba kwa macho. Aliniona. Akatazama pembeni.

Injini iliwashwa. Ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi wenye harufu kali ya petroli iliyooza, ikashika. Kwaya ikaanza wimbo. Vili na wenzake walikuwa wanakata utepe. Hapo miguu yangu ikaamua kabla yangu. Nilikwenda nikasimama mbele ya gari, wima, sikuinama, mbele ya wazee wote.

Wimbo ulikatika sauti moja baada ya nyingine.

"Huyo nani?" Folasa aliuliza, ingawa alinijua tangu nazaliwa. "Mtoto wa Muliaga? Umepotea njia ya jikoni?"

"Gari hili halina breki, mzee. Baba mchungaji, zima injini, nakuomba."

"Tazameni!" Folasa aligeukia watu. "Fundi wa kupaka grisi amekuja kutufundisha zawadi. Gari lina kilomita nne, breki zimekwisha saa ngapi? Zimekimbia zenyewe usiku?"

Watu walicheka, lakini kicheko cha woga.

"Zimeoza," nilisema. "Gari hili limekaa yadini miaka mitatu. Panya wamezaa ndani yake. Mnajivunia kilomita nne? Gari lenye kilomita nne kwa miaka mitatu ni maiti iliyovishwa utepe!"

Sikupaswa kusema vile. Nilikuwa nimemtukania baba zawadi yake mbele ya mchungaji, mbele ya kijiji, mimi kijana nisiye na cheo. Folasa alisema polepole kwamba kijiji kitakaa kunijadili, kwamba nguruwe kumi hawatatosha kuosha mdomo wangu, na kwamba niondoke njiani kabla sijaondolewa. Vijana wawili wenye nguvu walisimama.

Baba aliwahi kuliko wao. Alikuja kwa hatua ndefu, fimbo mkononi, na nilijua nitapigwa. Nikakaza mabega. Mama mmoja alipiga ukelele. Baba akanipita. Akatupa fimbo majanini, akachukua mkeka mmoja juu ya boneti, akanishika bega akaniketisha chini mbele ya bampa. Akaketi kando yangu. Akautandaza mkeka juu ya vichwa vyetu sote wawili.

Kwetu, mtu akimkosea mwenzake kosa la damu, huenda akaketi mbele yake amejifunika mkeka, na hatoki mpaka aliyekosewa aje aufunue. Asipoufunua, basi. Lolote linaweza kukupata chini ya mkeka ule. Sikuwahi kuliona hilo likifanywa na mtu ambaye bado hajaua.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya majani makavu. Nilisikia pumzi ya baba. Nilisikia injini, karibu mno, joto lake likipita kwenye nyuzi za mkeka.

"Kama umekosea," alininong'oneza, "sitaweza kuishi tena kijiji hiki."

"Sijakosea."

"Basi tulia."

Nje, Folasa alikuwa anapaza sauti, "Muliaga! Inuka, Muliaga, unatuaibisha!" Mchungaji naye akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Ngojeni, nashuka, ngojeni nilirudishe nyuma kidogo." Nilisikia gea ikigonga.

Lile gari lilikuwa la otomatiki. Ukishaweka gea tu linatambaa lenyewe, breki peke yake ndiyo hulizuia. Na mzee wa watu, macho bado yamejaa machozi, mkono wake uliipita gea ya nyuma. Uliiweka ya mbele.

Nilisikia majani yakikanyagwa. Polepole. Tairi bapa lilipiga chini, pa, likatulia, pa. Bampa iligusa mkeka juu ya uso wangu.

"Nimekanyaga!" mchungaji alipiga kelele. "Jamani nimekanyaga! Mguu unazama!"

Nilitaka kuruka. Mkono wa baba ulikuwa juu ya shingo yangu, mzito, ukinisukuma kando, na mwili wake ukaja mbele ya wangu. Nilisikia plastiki ya bampa ikimkandamiza begani. Alitoa pumzi moja, kama mtu anayebeba gunia. Watu wote uwanjani walikuwa wanapiga mayowe sasa. Kisha kukatokea mlio uleule wa chuma, mkali, mfupi, na gari likasimama. Injini ikazimwa.

Baadaye niliambiwa kwamba ni mama Fuatino aliyevuta breki ya mkono kwa mikono yake miwili, mpaka ukucha wake ukang'oka, kisha akachomoa ufunguo.

Mlango ulifunguliwa. Hatua zikaja, za mtu asiyejua vizuri wapi pa kukanyaga. Mkeka ukafunuliwa, mwanga ukanipiga machoni. Mchungaji Esekielu alikuwa amepiga magoti mbele yetu, uso hauna damu. Nyuma yake, ndani ya gari, bibi kizee alikuwa bado ameketi juu ya plastiki, mikono imemganda hewani.

"Muliaga," mchungaji alisema. "Umeumia?"

"Bega tu." Baba hakuinua macho. "Nisamehe. Kijana wangu aliniambia kabla ya hotuba. Alinionyesha mafuta kwenye vidole vyake. Nikamwambia aende jikoni. Nilijali kilomita nne kuliko shingo yako."

Folasa aliilaza fimbo yake chini.

Mchungaji alimwinua baba kwa kumshika kiwiko cha upande mzima. Akanishika na mimi. "Nguruwe wale kumi," alimwambia Folasa bila kugeuka, "wabaki kwenye mazizi yao." Watu walicheka, wengine huku wanalia.

Ila mama Fuatino hakucheka. Alikuwa ameshuka, kidole kinachovuja damu amekizungushia ncha ya gauni lake jeupe, na alikuja akasimama mbele ya baba, karibu sana.

"Mama yangu alikuwa ndani," alisema. "Nakushukuru kwa zawadi, Muliaga. Lakini siingii tena humo. Nitakwenda na basi, leo na kesho na keshokutwa."

Baba aliliinamisha bega lake bovu. Nilidhani atatoa hotuba, kwa sababu yeye hupenda hotuba. Alinitazama mimi kwanza, kama anayeuliza, nami nikatikisa kichwa kukubali kabla sijajua ninakubali nini.

"Nenda na basi, mama," alisema, na alisema kwa sauti, uwanja mzima ukasikia. "Huyu mwanangu atalifungua gari hili gurudumu kwa gurudumu, nami nitamshikia taa. Likiisha, mimi na yeye tutapanda Le Mafa na kuishuka, mara kumi, mvua na jua, mimi nikiwa kwenye kiti chako. Usiliguse mpaka nije mlangoni kwako kukuambia nimerudi. Nakuahidi, mama, nitakuletea gari lililotumika."