Mjerumani wa Dhamana

Hizamu wa nyumba yetu alimpiga Musidi risasi ya goti siku ya soko, mbele ya watu waliokuwa wakichagua vitunguu. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa pampu ya maji. Musidi alimwambia, "Yatima wewe, kanywe maji ya kulelewa," na Hizamu, ambaye kwa hasira hakupata kushindwa na mtu, akainua bunduki. Mguu ulikwenda kukatwa mjini. Musidi akarudi na magongo mawili na ukoo mzima wa Bani Zahwani nyuma yake.

Tangu hapo hatukulala kwa amani. Walitupiga kutoka ng'ambo ya bonde, asubuhi na alasiri. Punda wetu walikufa wamefungwa. Risasi moja ilipita dirishani ikamwagia mama unga wote aliokuwa anakanda, naye akaendelea kukanda huku anawatukana kwa majina. Sisi nasi tulijibu. Binamu yangu mmoja alipoteza jicho kwa kipande cha jiwe, na kijana wao mmoja tulimsikia akilia chini ya ukuta wa shamba mpaka akanyamaza. Nilifurahi alipolia. Sitasema uongo.

Shekhe wa bonde ndiye aliyetuletea njia. Alisema kijana yule aliyekufa na mguu wa Musidi vitakwenda kwenye hesabu ya wazee, lakini kwanza tukalaze dhamana mbele ya Bani Zahwani: dume la ng'ombe la kuchinja na bunduki moja. Si hizi za Kirusi ambazo kila mtu analala nazo. Walitaka Mjerumani, bunduki ndefu ya zamani ya enzi za Waturuki, tena iwe imetoka ukutani kwetu, ya wazee wetu. Wakiipokea, Hizamu ataishi. Wakiikataa, hata shekhe atajitoa.

Kila mtu bondeni alijua kwamba sisi tuna Mjerumani. Babu yangu aliibeba mpaka kufa. Walichokuwa hawajui ni kwamba baba yangu, Jubrani, aliiuza mwaka wa ukame na kutafuna hela yote kwa mirungi. Ukutani palikuwa na gongo limefungwa kitambaa, na wageni wakija baba alikuwa akilitazama na kuguna kwa fahari. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua, na tangu hapo kila akiguna nilitamani kucheka.

"Nenda kwa Naji wa ngomeni," mama alimwambia. "Anayo, na anauza. Bunduki yake ina mwenyewe, inajulikana imepita kwa nani na nani."

"Na akiniuzia mimi itajulikana pia," baba akajibu. "Naji hauzi mpaka aite mashahidi na kuchinja mbuzi. Jioni hiyohiyo bonde zima litaimba: Jubrani kanunua bunduki ya babu yake!"

"Waimbe. Mtoto atakuwa hai."

Hizamu si mtoto wa tumbo lake. Ni wa ami yangu aliyekufa, lakini ziwa alilonyonya ni la mama, tukigombania mimi na yeye. Alikuwa amekaa mlangoni anasafisha jambia lake. Akasema, "Mama, mwache ami. Mimi nilifyatua, yeye ndiye analipa. Achague."

"Wewe nyamaza," mama akasema. "Ungekuwa unajua kunyamaza, yule bwana angekuwa na miguu miwili."

Hizamu akacheka. Alikuwa na kicheko kibaya, cha puani, na sisi wote tulikipenda.

Baba alichagua soko la silaha la mbali, kule bonde jingine, kwa watu wasiotujua. Nilimwambia ndani ya gari kwamba mama yuko sawa.

"Mama yako hana ndevu za kuchekewa," akasema.

Duka la Muqbili lilikuwa banda la bati lenye bunduki kila upande. Vijana walikuwa wakijaribu mali nje, wakilenga mafuvu ya mbuzi juu ya mawe, na tuliongea kwa kupiga kelele. Muqbili, shavu limevimba mirungi, alitutolea Mjerumani mmoja kutoka kwenye blanketi.

"Shika, hajji. Huyu ni mzee kuliko mimi na bado ana meno."

"Imetoka kwa nani?" nikauliza.

"Imetoka kwenye blanketi," akasema, na baba akacheka. "Kijana, hapa hatuulizi ukoo. Ukitaka ukoo nenda kaoe."

Nilivuta kufuli ya bunduki, nikatazama ndani ya mtutu. Ilikuwa nzuri, sikuweza kuikosoa. Kwenye kitako palikuwa na kovu jeusi la moto, pana kama kiganja. Baba akalipapasa kwa upendo.

"Hili nalo?"

"Moto wa vita, hajji. Wewe lisimulie upendavyo."

Nikamvuta baba kando. "Turudi kwa Naji. Hii hatuijui ilikopita."

"Ndiyo uzuri wake, Sinani. Hakuna anayeijua." Akalipa bila hata kubishana bei, yeye ambaye hubishana na muuza mkaa. Njia nzima kurudi aliipakata kama mtoto mchanga, akijitungia hadithi kwa sauti ya chini.

Asubuhi ya siku ya dhamana tulikwenda uwanja wa Bani Zahwani. Wao walijipanga upande mmoja, bunduki mkononi, kama desturi inavyowaruhusu. Sisi tulikuja na za kwetu zimetundikwa begani, mitutu chini. Hizamu alitangulia kichwa wazi, mkanda wa jambia umelegezwa. Dume likachinjwa. Damu ikafika mpaka kwenye gongo la Musidi, naye hakulisogeza. Mama yake, Bibi Ghazwa, alikuwa ameketi kwenye jiwe, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa nyumba yao.

Baba akailaza bunduki mbele yao. Angeishia hapo, tungekwenda nyumbani. Shekhe alikuwa ameshafumbua mdomo kuwaambia waipokee. Lakini baba alikuwa amebeba hadithi yake tangu sokoni na hakuweza kurudi nayo.

"Bani Zahwani," akasema, "hii si bunduki, hii ni uso wetu. Baba yangu aliichukua mikononi mwa adui aliyemwangusha mwenyewe. Haijapata kulala nje ya nyumba yetu. Na kovu hili ni la siku walipotuchomea nyumba, akaitoa motoni kwa mikono mitupu!"

Bibi Ghazwa akainuka. Aliinama juu ya bunduki, akaweka kiganja chake kwenye kovu, kikatosha sawasawa.

"Kovu hili nililitia mimi," akasema. "Nilikuwa bibi harusi mjinga, nikachochea tanuri ya mkate kwa kitako cha bunduki ya mume wangu. Alinichapa kwa hilo. Mwaka uleule aliuawa njiani, Musidi akiwa tumboni, na bunduki ikachukuliwa juu ya maiti yake. Sikupata kumjua aliyemuua." Akamtazama baba. "Sasa umeniambia."

Nilisikia kufuli za bunduki zikivutwa, zao kwanza, kisha zetu.

"Subiri, mama," shekhe akasema. "Jubrani, fikiri vizuri. Bunduki hii umeipata wapi?"

Lilikuwa neno moja tu. Soko. Nilimwona baba akilitafuta kinywani. Aliwatazama watu wetu, aliwatazama wao, na aibu ikamzidi nguvu.

"Ni ya baba yangu," akasema. "Na kama nasema uongo, mke wangu ni haramu kwangu, talaka tatu!"

"Tumeinunua!" nikapiga kelele. "Sokoni kwa Muqbili, wiki hii! Ya babu iliuzwa zamani! Baba, waambie! Mwenyezi Mungu akulaani, waambie!"

Baba hakunigeukia hata shingo. Bibi Ghazwa alinitazama, nikadhani ameniamini. Kisha akatikisa kichwa.

"Mwana anapiga kelele, baba ameapa," akasema. "Mimi ni mtu wa kiapo."

Musidi hakumlenga baba. Kwetu damu hailipwi kwa mzee, hulipwa kwa aliye bora wa ukoo. Aliegemea gongo moja, akafyatulia Hizamu kifuani, mfululizo, mpaka bunduki ikakauka. Hizamu aliketi chini, akanitazama kwa mshangao, akaanguka ubavu juu ya damu ya dume. Baada ya hapo kila mtu alipiga. Musidi nilimpiga mimi, usoni, na nilipiga tena alipokuwa chini. Shekhe alikufa mikono juu akituomba tuache. Bibi Ghazwa alikufa ameikumbatia bunduki yake, na sijui ni risasi ya nani.

Baba hakupata hata mkwaruzo. Tulimleta Hizamu nyumbani ndani ya blanketi, tukamlaza sebuleni. Mama alimfuta uso kwa maji ya uvuguvugu, polepole, nyuma ya masikio pia, kama alivyokuwa akimwogesha zamani. Hakulia. Akauliza bila kuinua kichwa, "Waliikatalia nini dhamana?"

"Wamesema bunduki ni ya marehemu wao," nikajibu. "Na baba ameapa kwa talaka yako kuwa ni ya babu."

Mama akamgeukia. "Jubrani. Uliinunua, hukuinunua?"

Baba alikuwa amesimama karibu na mlango, nguo zote damu ya Hizamu. Angekiri, mke amekwenda na mtoto amekufa kwa ajili ya majivuno.

"Ya baba," akasema.

Mama alikung'uta maji mikononi. Akaivuta shela yake, akajifunika uso wote mbele yake, kama anavyojifunika mbele ya mwanamume asiye wake.

"Sinani," akaniambia, "mwambie huyu mgeni atoke, tumwoshe mtoto."