Fahali Mweusi wa Mwanangwa Ngassa

Siku mwanangwa Ngassa alipopewa plau mbele ya watu wa Didia, nilitema mate chini. Mungu anisamehe, nilikuwa nimetoka kusali.

Plau lile lilikuja na msaada wa Uingereza. Walisema Usukuma ng'ombe wamezidi na udongo unakwisha. Basi zikaletwa fedha za kuchimba malambo, mbegu za pamba, na zawadi kwa mkulima anayefuga wachache. Bwana Mifugo, Mzungu mwenye shingo iliyoungua jua, akamshika Ngassa mkono.

"Huyu ndiye mfano wenu," karani Gregory akatafsiri. "Ni mkubwa wa kijiji, na zizini kwake ng'ombe hawakuzidi."

Watu wakapiga makofi, huku wanajua. Ng'ombe wa Ngassa walikuwa wamejaa mazizi ya wajane na maskini, na langu mojawapo. Ndiyo desturi yetu, kubilisa. Mwenye kundi kubwa huwaweka ng'ombe wake kwa jirani, jirani akawatunza, akanywa maziwa na kupata samadi ya shamba. Wala husemi mbele ya wageni ni wa nani. Ukisema, hakuna atakayekuwekea hata mbuzi. Ni desturi njema, imewalisha wengi wasio na kitu. Ngassa akaifanya shimo la kujifichia.

Tena kwangu alileta madume na mitamba tu. Wenye maziwa aliwabakiza kwake. Maziwa yangu yalitoka kwa ng'ombe mmoja mwekundu, aliyeachwa na marehemu mume wangu, na hayo ndiyo yaliyomlea mjukuu wangu Mageni tangu mama yake, Klara, alipofariki akimzaa.

Baada ya sherehe ya plau likatoka tangazo: kila zizi lililozidi kiwango litoe ng'ombe mmoja wa kuuzwa mnadani. Asubuhi Ngassa akaja kwangu, midomo inang'aa mafuta.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia, kama mtu anayemheshimu mama.

"Mwangaluka, mwanangwa."

"Kesho wanapita hapa. Zizi lako limezidi. Utamtoa yule mwekundu."

"Limezidi kwa sababu ya ng'ombe wako. Mwekundu ndiye pekee aliye wangu."

"Ndiyo maana nasema yeye. Wangu nimekuwekea tu, utawauzaje?"

"Na Mageni atakunywa nini?"

Akachokonoa meno kwa kijiti, akakitazama kilichotoka, akakirudisha mdomoni. "Mpe uji. Mimi mwenyewe si umeniona? Nimekuzwa na uji."

Nikamwangalia lile tumbo. Nikaingia ndani nikashika rozari.

Kesho yake wakaja: Bwana Mifugo, Gregory, Ngassa na kofia mpya. Majirani wakasogea. Askari wa baraza alikuwa ameshamtia kamba yule mwekundu.

"Mama, ng'ombe hawa wote ni wako?" Gregory akauliza.

Nikisema ni wangu, nimesema uongo. Nikisema ni wa Ngassa, nimevunja kubilisa.

"Muulizeni mwanangwa," nikasema. "Ndiye anayejua ng'ombe wa watu wake."

Macho yote yakamgeukia. Yeye akamtazama Mzungu aliyempa plau.

"Ni wake," akasema. "Marehemu mumewe alikuwa tajiri."

"Tajiri!" Bujiku, jirani yangu, akacheka. "Tulimzika kwa shuka la kuazima!"

"Nyamaza wewe!"

"Ni wangu wote, mwanangwa?" nikamuuliza.

"Wote! Nimeshasema."

"Basi muulize Bwana," nikamwambia Gregory, "anayechagua wa kuuzwa ni nani?"

Wakaongea Kizungu kidogo. "Mwenye zizi," Gregory akajibu.

"Mfungueni huyo mwekundu. Mchukueni yule."

Nikamwonyesha fahali mweusi, nundu kama kichuguu. Ngassa alizoea kuja kumsugua mgongo, akimwita baba.

"Huyo ni wa mbegu!" akaropoka.

"Wa mbegu ya nani?" Bujiku akauliza.

Ngassa akaishusha kofia machoni. Fahali akaondoka na kamba shingoni.

Fedha za mnada hazikuwa zangu. Nilipolipwa nikazifunga kwenye pindo la khanga, nikampelekea siku ileile. Nilimkuta anakula. Hakunawa. Akazipokea kwa vidole vya mchuzi, akazisukuma chini ya paja, akaendelea kutafuna.

"Umeniua, mayu."

"Mimi sikusema neno. Umesema wewe."

"Ng'ombe wangu wanatoka kwako leo. Ulime bila samadi, tuone."

Wakatoka kweli, vijana wake wakiwaswaga na kupiga miluzi. Zizi likabaki na mwekundu peke yake. Nikamkamua, Mageni akanywa. Nilipochungulia njiani, nikaona wanawaingiza ng'ombe kwa Scolastika, mjane mwenzangu, ambaye naye ana ng'ombe mmoja.

Nikajifunga khanga, nikaenda.

"Scolastika," nikamwambia, "wakija kukuuliza hawa ni wa nani, wewe nyamaza. Waambie wamuulize yeye, watu wakiwapo."