Mkono Uliosonga Bukari

...anabonyeza tena, kwa kidole gumba kile kile, tonge la tatu sasa na bado hajaweka hata moja mdomoni, anatafuta bidonge bya unga, na mimi nimekaa hapa kama mtuhumiwa, Aline wangu amepiga magoti na jagi la maji ya kunawa, "Mama Aline, hii bukari iko laini sana, na mabinti ya leo bajuaka tu kubonyeza telefone," anasema Marthe, shangazi yake Lionel, kijana anayemposa Aline, na mimi nacheka, hehe, kwa sababu bukari hiyo, ugali wetu, nimeisonga mimi, jikoni, mlango umefungwa, Aline yuko pembeni na daftari lake la kemia, kisha nikampa sahani aingie nayo, nikamnyunyizia na maji kwenye paji la uso yaonekane jasho, Mungu anisamehe... ndiyo desturi, shangazi anakuja kabla ya mahari kuonja bukari ya binti, anarudi kwao Ubwari kusema ana mkono wa kusonga au hana mkono, lakini mbona amekuja wiki tano kabla ya mtihani wa diplome, wa kumaliza shule, mbona hajauliza binti anasoma nini, ameuliza kama anaumwa mgongo, mgongo!, mtu anaulizia mgongo wa mwenzake akitaka kumtwika kitu, na nasikia mama yake Lionel hainuki tena kitandani, na Lionel mwenyewe yuko machimboni Misisi ananunua dhahabu, anarudi mara mbili kwa mwaka, sasa anayeoa ni nani hapo... "Mutoto ana adabu, haangalie watu machoni," anasema, nami najibu "asante, shangazi," adabu, bibi yangu alisema mwanamke ni shamba lake la muhogo, lisipoonekana kutoka barabarani basi bado hajaolewa, masista wa shule wakasema mwanamke ni pindo la sketi lililonyooshwa kwa pasi, jirani yangu Kezimana, wa Burundi, anasema kwao mwanamke hapigi mluzi, "lakini siku tunakimbia mi nilipiga, batoto basipotee mu majani, na njo balinisikia," na juzi bwana mmoja wa semina ya haki za wanawake akatufundisha kwamba mwanamke wa kisasa hatumikishwi, huku bamama sita wanamwoshea sahani... kila mmoja ana mwanamke wake wa kusifu, na mimi sijawahi kukutana naye hata sokoni, hata kanisani... mkwe wangu naye alinisifu mkono, siku alipokuja kuonja bukari yangu, akalamba vidole, na mkono ulikuwa wa mama yangu, alisonga yeye nyuma ya nyumba akaninong'oneza, utajifunza ukifika, nikafika, miaka miwili nikatukanwa kwa kila kidonge, "mulitudanganya," na mama hakuwepo kusikia, na yeye alisongewa na dada yake, alinieleza akicheka, kumbe ni ukoo mzima wa mikono ya kuazima, na huyu Marthe anayebonyeza kwa bidii namna hii, anajuaje pa kutafuta, nani alimsongea yeye... sasa yupo mwingine wa kumshuku, yuko ndani ya kitenge changu, maana kama sitaki Aline aende, kwa nini nilifunga mlango, kwa nini nikanyunyiza maji, niliogopa tu wasije wakasema binti wa fulani hana mkono, basi kwa aibu hiyo ndogo nilikuwa namkabidhi mwenyewe, pamoja na mgongo wake... "Aline, mwana, uniambie kweli," anasema Marthe, anatabasamu, tonge bado liko vidoleni, "ni we njo ulisonga, ao ni mama?", na Aline ananitazama mimi, anangoja nimpe jicho la ndiyo, kama nilivyomtazama mama yangu, naye akanipa, na mimi jicho silitoi, natafuta sauti tu, isitetemeke, isiombe radhi, iseme, nimesonga mimi, shangazi, huyu hana mkono, rudi ukawaambie hivyo hivyo...