Masizi ya Mapipa

"Hii ni siri ya babu yangu," Bwana Harcombe aliwaambia wageni wake, akaligonga pipa kwa fimbo. Karibu niangushe trei.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa 1956. Magari saba yalikuwa yametoka Nakuru kuja Solai kuona ghala la mvinyo ambalo babu huyo alilijenga kabla ya vita vya kwanza. Wageni walipapasa kuta za mawe. Walisifu vichaka vya maua ya manjano vilivyoota pande zote mbili za mlango. Mimi nilibeba glasi. Miaka minne ya kutumika nyumba kubwa ilikuwa imenitia Kiingereza masikioni bila wao kujua, na siku hiyo kila neno lilinichoma.

Babu gani? Babu alikuwa ameoza kaburini siri hiyo ilipoanza. Siri ilikuwa ya mama yangu, Jelagat.

Mwaka mmoja, mimi kitinda mimba wake nikiwa bado mgongoni, mvinyo wote uligeuka siki. Mama alikuwa mfagiaji wa ghala. Aliinamia pipa tupu, akanusa kama mwanamke anavyonusa kibuyu, akasema chombo hiki hakijafanyiwa kazi. Kwetu Wakipsigis, kabla ya kutia maziwa yagande yawe mursik, mama wa nyumba husugua kibuyu kwa ndani na kaa la moto la mti wa senetwet mpaka kiwe cheusi. Basi mama akayafanyia mapipa vile vile, na Bwana hakuwahi kuuliza ni mti gani. Mvinyo ukatulia, ukapata harufu ya moshi, na wazungu wakaanza kuuagiza kutoka Nairobi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuonja. Mfanyakazi aliyeonja alifukuzwa.

"Utakaa hapa mpaka ufe, mama," Bwana alimwambia wakati ule. Kwa mdomo tu. Mama aliamini. Baba alipofariki tukamzika nyuma ya nyumba yetu, kwa sababu ya neno hilo. Kila mwaka, kabla ya zabibu kuvunwa, mama aliingia na makaa yake akatoka mweusi mpaka kwenye kope, akifurahi kama aliyepewa ng'ombe.

Mwaka huo, kabla ya mavuno, akapewa barua. Mama mzee, hawezi kazi, aondoke shambani mwisho wa mwaka. Kazi yake akapewa nyapara Micah.

Micah naye ni Mkipsigis. Amekunywa mursik tangu meno yake ya kwanza, na hajawahi kujiuliza weusi ule hutoka wapi, maana vibuyu ni kazi ya akina mama na mwanamume hachungulii huko. Alipofungua mapipa akaona masizi, akaona uchafu. Alichemsha maji, akatia soda ya kufulia, akasugua siku tatu. Halafu akazunguka kambi nzima ya wafanyakazi akijisifu kwamba yale mapipa sasa ni safi kuliko sahani za memsahib.

Mama alisikia.

Na Jumamosi hiyo alikuja ghalani. Alisimama nje ya mlango, amevaa shuka lake la kanisani, ameshika barua mkononi. Alitaka kumkumbusha Bwana neno lake mbele ya wageni. Nilimkasirikia hata yeye. Kwa nini asimame pale kama mwombaji, wakati nusu ya sifa zilizokuwa zikimwagwa mle ndani zilikuwa zake?

Bwana akafungua pipa la mwaka huo. Nikagawa glasi. Mzee mmoja akakunja uso kama aliyelamba ndimu. Memsahib aliyekuwa kando yake akatema kwenye leso. Hakuna aliyecheka. Bwana akaonja, akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Micah! Hii pipa imefanywa nini?"

"Nimeosha, Bwana. Ile masizi yote nimetoa."

"Masizi ya mti gani? Rudisha!"

Micah aliangalia viatu vyake. "Sijui, Bwana. Hiyo ni kazi ya wamama."

Hapo Bwana akamwona mama mlangoni. Akamwita, akamsemesha kwa upole ambao hakuwa nao siku ile alipoleta barua. "Mama, sema. Mti gani?"

Niliona mdomo wa mama ukifunguka. Namjua. Chombo kilichochacha ni aibu kwake, hata kiwe cha nani, na alikuwa tayari kusema bure kabisa. Moyo wangu ulimpigia kelele anyamaze. Kwanza akanyoosha ile barua.

"Soma hii kwanza, Bwana."

"Hiyo ni maneno ingine. Ofisi ilishamaliza. Sema mti, nitakupa sukari kilo mbili."

Sukari! Kwa nyumba, kwa kaburi la baba, kwa miaka kumi na minane ya kuvuta moshi. Mama aliikunja barua polepole mpaka ikawa ndogo, akaitia kifuani.

"Nimesahau," akasema. "Mimi ni mzee. Barua yako imesema hivyo."

Bwana akaagiza wanawake wote waliokuwa jikoni waletwe. Walikuja watano, Chepngeno mpishi mbele, mikono ina maganda ya viazi. Kila mmoja ana kibuyu kimening'inia nyumbani kwake. Kila mmoja alimtazama mama, akamtazama Bwana, akasema sijui. Mmoja alisema akiwa ameegemea kichaka chenyewe cha senetwet hapo mlangoni, maua ya manjano yakimgusa shingo.

Halafu Bwana akanigeukia mimi. "Chelangat. Wewe ni mtoto yake."

Nilijua nikikataa, kazi imekwisha.

"Mimi hubeba trei tu, Bwana," nikasema, nikaitua pale pale, juu ya pipa.

Mwisho wa mwaka tuliondoka wote wawili, kwenda kwa ndugu zake huko Keringet. Mama alilia kwenye kaburi la baba, sitasema uongo kwamba hakulia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo sijapata pa kuitua. Tulipopita mbele ya ghala alisimama, akatua mzigo, akatoa panga, akaanza kukata matawi ya kile kichaka cha mlangoni, moja baada ya jingine, akiyafunga kwa kamba bila haraka.

Micah alikuja mbio akipiga kelele kwamba anaiba. Bwana alikuwa amesimama barazani na kikombe chake cha chai. Aliangalia kidogo, akapunga mkono.

"Wacha mzee aende na maua yake," akasema.