Nafasi ya Kumi na Nne

Lydiah Chepngetich aliajiriwa kupiga chapa, si kupiga simu. Maneno hayo aliyarudia mara nyingi baadaye, hasa kwa mumewe, kana kwamba tofauti kati ya kupiga hiki na kupiga kile ingemwokoa.

Ofisi ilikuwa Mesquite, pembeni mwa jiji la Dallas, nyuma ya duka la mazulia. Ilikuwa na vyumba viwili vilivyonuka gundi na tumbaku. Mwenye ofisi, Bwana Hollis Truett, aliwahi kufundisha futiboli ya Kimarekani katika shule za sekondari, na sasa alikuwa akitoa kijitabu kila mwaka. Ndani ya kijitabu hicho alipanga vijana mia tatu wa vyuo vikuu, wa kwanza hadi wa mwisho, kabla ya zile siku mbili za Aprili ambapo timu za kulipwa huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Uchaguzi huo Wamarekani wanauita drafti. Lydiah alipolisikia neno hilo mara ya kwanza alidhani ni ule mchezo wa vizibo vya soda, akashangaa watu wazima wananunua kitabu kwa ajili yake.

Mwanzoni kazi ilimchekesha. Wasaka vipaji wa Truett walizunguka vyuo, wakatuma karatasi zenye mwandiko wa kukimbizana, naye Lydiah akazipiga chapa. "Makalio mazuri, yatabeba kilo kumi zaidi." "Mikono mifupi." "Vifundo vya miguu vyembamba. Atanenepa, mtazameni mama yake."

Hilo la mama alidhani ni kosa la mwandiko. Akauliza.

"Si kosa," Truett alisema. "Ukitaka kujua ndama atakuwaje, mtazame ng'ombe." Akatema mate ya tumbaku ndani ya kikombe cha karatasi, na kikombe akakiweka juu ya faili za vijana wa watu.

Kwao Lydiah, Londiani nchini Kenya, ng'ombe walikuwa wengi, na hakuwahi kusikia mtu akiwasema ng'ombe wake kwa mdomo wa namna hiyo. Kicheko kikamwisha. Akawa anakula chakula chake cha mchana ndani ya gari.

Simu zilianza Novemba ya mwaka wa tisini na nane. Kulikuwa na mama mmoja wa Beaumont aliyemkatia Truett simu mara mbili, kwa hiyo Truett akamwomba Lydiah ampigie, aulize tu tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Yule mama alijibu kwa sauti ya kuchoka. Alikuwa ametoka kuzika. Na Lydiah, bila kufikiri, akamwambia kwamba yeye pia mama yake alifariki mwezi wa Juni, na hakwenda kumzika, kwa sababu karatasi zake za kuishi Marekani zilikuwa hazijakamilika na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Kaka yake alimtumia kaseti ya mazishi. Kulikuwa na nyimbo, mahubiri, na upepo mwingi.

Yule mama alilia, kisha akazungumza dakika arobaini. Alisimulia habari za mwanawe tangu meno ya utotoni. Alisema goti gani linamuuma na dawa gani anakunywa kwa siri.

Lydiah alipoweka simu chini alimwona Truett mlangoni. Alikuwa ameinua mkonga wa simu ya chumba cha pili, na alikuwa amesikia yote.

"Una sauti ya nesi," alisema. "Wape kitu chako kidogo, na wao watakupa chao. Kesho nitakupa majina mengine."

Kesho yake Lydiah alipiga. Alijiambia kwamba hadithi ya mama yake ni ya kweli, na ukweli haumdhuru mtu. Mtu wa pili Lydiah alimsimulia huku machozi yakimtoka. Kwa mtu wa sita alijua mahali pa kunyamaza. Kwa mtu wa kumi alikuwa akikata kucha huku akieleza habari ya kaseti. Kufikia Februari alikuwa amemzika mama yake mara kumi na saba kwa simu, na kila mara mtu wa upande wa pili alifungua moyo kama mlango usio na komeo.

Mumewe, Dedan, hakuona ubaya. Alifanya kazi katika ghala la friji, jioni akisoma chuo, na kila Jumapili walipokwenda kusali na Wakenya wenzao Cedar Hill alitangaza kwamba mke wake ndiye anayewapanga wachezaji.

"Mama Shalom, hiyo ni kazi kama kazi nyingine," alimwambia. "Kwani wewe ndiye unawavunja magoti?"

"Siwavunji."

"Basi. Mimi naona unajilaumu bure."

Mwezi wa Machi Truett alimchukua Lydiah hadi Houston kwenye siku ya mazoezi ya chuo kimoja, wachezaji wanapopimwa mbio na nguvu mbele ya wawakilishi wa timu. Shabaha yao ilikuwa beki mmoja aitwaye Lavelle Pruitt, kijana wa Houston. Katika orodha ya Truett alikuwa nafasi ya kumi na nne. Mtu wa nafasi hiyo huchaguliwa saa za mwanzo kabisa za siku ya kwanza, jina lake likisomwa jukwaani huku televisheni ikimwonyesha. Tatizo, alisema Truett, ni kwamba kijana hatabasamu wala hazungumzi. "Baridi kama samaki. Sijui kuna nini ndani."

Lydiah alikuwa amekwisha kuzungumza kwa simu mara nne na Odessa, mama mdogo wa Lavelle, aliyekuwa akimtunza tangu mama yake mzazi afariki. Odessa alimtambua mara tu aliposikia sauti yake. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kofia ya kanisani, aliyetembea kwa uzito. Alimkumbatia Lydiah kama ndugu, akatoa mkobani kipande cha mkate mtamu wa viazi vitamu kilichofungwa kwa karatasi ya fedha.

"Nilisema nikuletee," alisema. "Mtu aliyezika mama kwa kaseti anastahili kulishwa."

Waliketi ngazini. Chini yao vijana walisimama foleni wakiwa na kaptura tu, wakapandishwa kwenye mizani mmoja mmoja, na mtu mwenye kipaza sauti akasoma uzito na urefu wa kiganja. Wanaume wenye fulana za timu waliandika. Mmoja alimzunguka Lavelle taratibu, akainama kumtazama miguu kwa nyuma. Lavelle alitazama mbele tu.

"Anachukia hapo," Odessa alisema. "Lakini anavumilia."

Kisha akamweleza. Lavelle alipofiwa na mama yake alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliacha kula. Aliacha kusema. Siku moja Odessa alimkuta ameketi bafuni na nguo zake zote, maji yanamwagika, na hajui ameketi hapo tangu saa ngapi. Alimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa siku kumi na moja. Akatoka, akarudi chuoni, akacheza. Hajaugua tena.

"Aliniomba nisimwambie mtu. Wewe nakwambia kwa sababu unajua kilio kilivyo."

"Sitasema, Mama," Lydiah alijibu. Na wakati huo alikuwa hana nia ya kusema.

Walirudi Dallas na Truett mchana huohuo. Karibu na Huntsville Truett akaanza. Alisema kijana yule hana roho. Alisema amewaona wengi wa namna hiyo, wanajali pesa tu, mama zao wakifa hawageuzi shingo. Lydiah alivumilia maili kadhaa. Mwishowe akasema si kweli, kijana huyo alimlilia mama yake hadi akalazwa. Aliyasema kwa hasira, kumtetea. Maneno yalipokwisha kutoka aliyaona yamekaa pale kati ya viti viwili, na hakuna namna ya kuyarudisha.

"Alilazwa wapi?" Truett aliuliza kwa upole sana.

Lydiah aligeuka akatazama dirishani. Haikusaidia. Truett alikwisha kuelewa alitakiwa kuuliza nini, na nani wa kumuuliza.

Jumanne asubuhi karatasi ya wiki ilikuwa mezani, tayari kutumwa kwa faksi kwa timu na magazeti. Pruitt alikuwa ameshuka kutoka nafasi ya kumi na nne hadi ya themanini na moja. Maelezo yalikuwa sentensi moja: amewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, siku kumi na moja, familia yathibitisha.

"Familia haikuthibitisha," Lydiah alisema. "Mama yule aliniambia mimi."

"Na wewe ni nani? Si mfanyakazi wangu?" Truett hakukasirika hata kidogo. "Jambo lenyewe ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, lakini kijana alipona."

"Sijaandika kwamba hakupona."

Alimwachia karatasi mkononi, akaenda kumimina kahawa. Lydiah alisimama mbele ya mashine. Angeweza kuichana. Angeweza kuchukua mkoba wake, aende nyumbani. Alifikiria kodi ya nyumba na ada ya chuo ya Dedan. Alipomaliza kufikiria, kidole chake kilikuwa kimekwisha kubonyeza, na karatasi inaingia polepole, jina la Lavelle likitangulia.

Siku nzima simu za timu hazikukatika. Jioni Truett alimwambia kwa furaha kwamba ameongeza jina lake kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu: uchunguzi, L. Chepngetich. Dedan alinunua nakala tatu. Jumapili alizipitisha kanisani, mkono kwa mkono, na akina mama walimpongeza Lydiah, wakamwambia Mungu amemwinua. Lydiah alitazama zile nakala zikigeuzwa na vidole vya watu anaowapenda, na akaona kinyaa kama anayewatazama wakila chakula kilichooza bila kujua.

Siku ya drafti Dedan alialika watu. Walikula mbuzi mbele ya televisheni. Jina la kumi na nne lilisomwa, halikuwa la Pruitt. Ishirini, thelathini. Wageni walichoka, wakahamia kwenye habari za Nairobi. Lydiah alibaki kwenye kochi na sahani baridi magotini hadi siku ilipofungwa. Jumapili alasiri, katika raundi ya sita kati ya saba, ambako malipo ni kidogo tu, jina la Pruitt lilipita chini ya skrini kwa herufi ndogo huku watangazaji wakizungumza mambo mengine.

"Si huyo hapo amechaguliwa?" Dedan alisema. "Na wewe ulikuwa unajitesa."

"Baba Shalom, nyamaza tafadhali."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Dedan akakusanya vyombo mwenyewe.

Jumatatu Lydiah hakwenda kazini. Alipanda basi hadi Houston, akafika nyumbani kwa Odessa saa nane za mchana. Odessa alifungua mlango wa wavu nusu, akasimama palepale. Hakumkaribisha.

"Nimekuja kuomba msamaha," Lydiah alisema. "Ni mimi niliyesema."

"Najua ni wewe. Sikumwambia mtu mwingine." Sauti yake haikupanda. "Timu moja ilimwita kumhoji. Mzee mzima alimuuliza, 'Bado unakaa bafuni na nguo?' Hata hilo la bafu ukawapa."

Hilo Lydiah hakulisema. Hospitali hakuitaja, wala bafu hakulitaja. Truett alikuwa ameulizia mwenyewe, kwa watu wengine, baada ya kupata ncha ya uzi. Lakini ncha ilitoka kwake, na kulieleza hilo sasa kungekuwa kujitetea.

"Lavelle hakuniuliza chochote," Odessa aliendelea. "Aliniambia tu, 'Ulisema hutasema.' Basi. Amekaa na neno hilo, nami nimekaa nalo."

"Mama, nilikuwa namtetea."

"Nataka kujua kitu kimoja, halafu uende. Kile kifo cha mama yako. Kaseti na yote yale. Kilikuwa kweli?"

"Kilikuwa kweli."

Odessa alimtazama. Usoni mwake hapakuwa na hasira tena, palikuwa na kinyaa, kama mtu aliyekuta nywele kinywani.

"Heri kingekuwa uongo," alisema, akafunga mlango.

Lydiah hakurudi tena kwa Truett. Truett alipiga simu mara mbili, akasema msimu mpya una majina mengi na kwamba angemwongezea mshahara. Mara ya tatu Dedan ndiye aliyepokea, na ingawa alikuwa bado haoni vizuri kosa liko wapi, alisema mke wake hayupo. Lydiah alipata kazi ya kuwaogesha wazee katika nyumba moja ya wagonjwa huko Mansfield. Lavelle Pruitt alicheza misimu mitano, si kwa sifa kubwa, kisha bega likamharibikia. Kijitabu cha Truett kiliuzwa vizuri kuliko miaka yote.

Januari ya kwanza baada ya kuacha kazi, Lydiah alihitaji fomu yake ya kodi ya mapato kutoka ofisi ile. Alipiga simu akitumaini kukuta mashine ya kurekodi ujumbe. Ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti laini, ya mtu aliyetoka mbali, pengine Afrika ya Magharibi. Aliandika anwani ya Lydiah kwa makini, akairudia, akaomba radhi kwa usumbufu. Ilikuwa sauti nzuri mno.

"Dada," Lydiah alisema, "huyo mzee akikupa majina ya kupigia, usiwaambie watu jambo lolote lako. Lolote. Umenisikia?"

Mwanamke yule akasema, kwa adabu na bila haraka, kwamba anasikitika kusikia Lydiah hakufurahia kazi hapo, na je, kuna jambo lolote linalomsumbua ambalo angependa kulizungumza.

Lydiah alisikia, nyuma ya sauti hiyo, mtu wa tatu akipumua kwenye laini. Akakata simu.